Susu asiyejua kusoma anaweza kumsomea mjukuu wake

MAJUZI nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji wa safu hii, mama anayefanya kazi za nyumbani jijini Nairobi. Mwanawe wa miaka minne anaishi na nyanyake karibu na Kibwezi, Kaunti ya Makueni. "Profesa," akaniandikia, "kila siku mnatuambia tuwasomee watoto hadithi kabla hawajalala. Mimi niko huku, mtoto yuko kule, na mama yangu hakwenda shule. Sasa nani amsomee, na asome nini?"

Nimelifikiria swali hilo juma zima. Ni swali la haki. Sisi wasomi tunapozungumzia hadithi za wakati wa kulala, huwa tuna picha moja akilini: baba na mama wote wako nyumbani, mtoto ana kitanda chake, taa iko kando na rafu imejaa vitabu. Picha hiyo si ya familia nyingi za Kitui na Makueni. Huko wazazi wengi wako Nairobi au Mombasa wakitafuta riziki, na watoto wamebaki na akina susu, jinsi tunavyowaita nyanya kwa Kikamba.

Jibu langu kwa mama huyu ni kwamba susu anaweza. Ila sitaki alichukue jibu hilo kama maneno ya kumfariji tu. Kwa hivyo nitaanza kwa kueleza kile ambacho hadithi humfanyia mtoto kilugha, kisha nionyeshe ni kwa nini kazi hiyo haimhitaji mtu aliyehitimu shule.

Hebu sikiliza maneno anayoambiwa mtoto wa miaka mitatu kutwa nzima: njoo, kaa, kula, nawa, lete, acha, utaanguka. Ni maneno ya lazima na yana upendo wake. Lakini mengi ni amri, na karibu yote yanahusu vitu vilivyo mbele ya macho. Mtu akisema "lete hicho", kidole ndicho kinachofanya nusu ya kazi ya lugha. Katika hadithi, kidole hakisaidii. Fisi hayumo chumbani, mto haupo, na mambo yenyewe yalitokea "hapo zamani za kale". Vyote hivyo lazima viletwe na maneno. Mtoto anayesimuliwa hujifunza kwamba lugha inaweza kubeba vitu visivyoonekana, na hiyo ndiyo lugha atakayoihitaji shuleni.

Chukua mfano mmoja wa kisarufi, kiambishi -ka-. "Sungura aliamka, akajinyoosha, akachukua kibuyu chake, akashika njia ya mtoni." Hapo -li- hufungua mlango, kisha -ka- huviongoza vitendo kimoja baada ya kingine. Aidha, hadithi haiendi mbali bila -ki- ya kitendo kinachoendelea: "alimkuta akichota maji". Na fisi anaponaswa, tunaihitaji -nge-: "angejua, hangeingia pangoni". Katika amri za jikoni viambishi hivi husikika kwa nadra. Makao yake hasa ni usimulizi.

Nimesahihisha insha kwa zaidi ya miaka thelathini. Ukinipa insha ya mwanafunzi, hata wa chuo kikuu, mara nyingi nitahisi kama alilelewa na hadithi au la. Asiyelelewa nazo ataandika: "Aliamka. Alienda. Aliona. Alirudi." Mwingine huanza kwa -li-, akarukia -na-, kisha akasahau alikotoka. Si kwamba hakufundishwa nyakati na hali. Alifundishwa, na huenda akakuandalia jedwali zuri la viambishi. Sikio lake ndilo halikulishwa mapema.

Pili, kuna msamiati. Katika mazungumzo ya kawaida watu hutembea tu. Katika hadithi wahusika hunyata, huchechemea, huvizia, hutimua mbio na hujikongoja. Nyumbani mtu hukasirika, lakini katika hadithi kuna anayeghadhibika, anayenuna na anayeweka kinyongo. Mtoto hafafanuliwi maneno haya kwa kamusi. Huyaokota ndani ya tukio, na neno lililookotwa hivyo halisahauliki upesi.

Tatu, pale kitabu kinapokuwapo, mtoto hugundua siri ambayo sisi watu wazima tumesahau kwamba ni siri: zile alama nyeusi hazibadiliki. Kilichosomwa jana ndicho kinachosomwa leo. Ndiyo maana mtoto hukukemea ukiruka ukurasa. Hujua kitabu hushikwa vipi, hufunguliwa kutoka wapi, na kwamba mstari huenda kutoka kushoto hadi kulia. Anayeingia chekechea akiwa na ujuzi huu huwa ameshapiga hatua, hata kama hajui herufi moja.

Je, kuna ushahidi? Upo. Mnamo 1988, Grover Whitehurst na wenzake nchini Marekani waliwafunza wazazi namna ya kusoma na watoto wadogo kwa njia ya mazungumzo: kuuliza, kusubiri, na kuongezea jibu la mtoto. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto hao walikuwa wamewazidi kwa uwezo wa kujieleza wenzao waliosomewa kwa njia ya kawaida. Mwaka wa 2019, Jessica Logan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State walikadiria maneno ambayo mtoto husikia vitabuni hadi anapofika miaka mitano. Anayesomewa kitabu kimoja kila siku husikia karibu maneno 300,000. Ambaye karibu hasomewi kabisa hafikishi 5,000.

Hata hivyo, kama mwanaisimu naomba tahadhari kidogo. Makadirio hayo yalifanywa kwa vitabu vya Kiingereza, na neno la Kiingereza si sawa na neno la Kiswahili au la Kikamba. Neno letu moja kama "hawatakusomea" limebeba kiima, ukanushi, wakati, mtendewa, mzizi na kauli ya kutendea. Ni sentensi nzima iliyovaa koti la neno. Kwa hivyo ukihesabu maneno katika lugha zetu utapata idadi ndogo zaidi, ilhali mtoto anafanya kazi kubwa zaidi ya kulifumua kila neno. Tusizikariri takwimu za watu kama mashairi. La kushika ni kwamba pengo kati ya anayesomewa na asiyesomewa ni kubwa mno.

Sasa turudi Kibwezi kwa susu. Ushahidi unaonigusa zaidi ulitoka hapa hapa Kenya. Mwaka wa 2020, Heather Knauer, Pamela Jakiela, Owen Ozier, Frances Aboud na Lia Fernald walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa mashambani humu nchini. Lilihusisha walezi 357 na watoto 510 wa umri wa kuanzia miaka miwili hadi chini ya saba. Baadhi ya familia zilipewa vitabu vya hadithi vinavyolingana na lugha na mazingira yao. Nyingine zilipewa vitabu pamoja na mafunzo ya kuzungumza na mtoto juu ya kitabu, na mafunzo hayo yalikuwa yamerekebishwa ili yamfae hata mlezi asiyesoma vizuri. Kundi jingine halikupewa chochote.

Vitabu vilipoandamana na mafunzo, walezi walisoma na watoto mara nyingi zaidi na kwa ubora zaidi, na watoto wakaweza kuyatamka maneno yaliyokuwa katika vitabu hivyo. Lililo muhimu kwetu ni hili: watoto wa walezi wasiojua kusoma walifaidika angalau sawa na wale wa walezi waliosoma, na katika mambo fulani waliwazidi. Tusiyakuze matokeo haya. Maneno yaliyoongezeka ni yale ya vitabuni hasa. Hata hivyo yanatosha kuiondoa dhana kwamba mlezi asiyejua herufi hana cha kumpa mtoto mbele ya kitabu.

Linawezekanaje? Kwa sababu kitabu cha mtoto mdogo kina picha, na picha haihitaji cheti. Susu hufungua ukurasa, akamwacha mjukuu atazame. Humwuliza swali ambalo halijibiwi kwa ndiyo au la: "Huyu anafanya nini? Unadhani anakwenda wapi?" Kisha hunyamaza asubiri. Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa, maana tumezoea kumjibia mtoto. Mtoto akisema "fisi", susu humrudishia neno likiwa limenenepa: "Naam, fisi mwenye njaa ananyata nyuma ya kichaka." Kesho usiku kitabu ni kile kile. Asichoke kukirudia, kwa kuwa mtoto hachoki. Na ikiwa nyumbani yupo mjukuu wa Gredi ya Nne, yeye asome maandishi huku susu akiuliza maswali. Hapo watoto wawili wamefaidika kwa taa moja.

Isitoshe, susu ana hazina ambayo kitabu hakina. Ukambani ni nchi ya masimulizi. Msweden Gerhard Lindblom alikusanya ngano, vitendawili na methali za Wakamba, akazichapisha katika juzuu tatu kati ya 1928 na 1935. Baadaye akaja mwenyeji, John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka wa 1931 na kufariki mwaka wa 2019. Wengi humjua kwa kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, ambamo aliyatumia maneno ya Kiswahili "sasa" na "zamani" kueleza dhana ya wakati. Wasichokumbuka ni kwamba kabla ya hapo alikuwa mtu wa hadithi. Mwaka wa 1954 alichapisha kwa Kikamba Mutunga na Ngewa Yake, na mwaka wa 1966 Akamba Stories. "Ngewa" ni hadithi. Na jina lake lenyewe, mbiti, maana yake ni fisi, yule mlafi asiyekosa katika ngano zetu.

Lakini juzuu za Lindblom na Akamba Stories ziliandikiwa wasomi. Mtoto wa Mutomo au wa Mbooni hawezi kulala nazo. Ngano alizozikusanya Lindblom zimelindwa katika maktaba za vyuo vikuu, huku watoto wa wale waliomsimulia wakiwa hawazijui. Haya si mambo ya kufurahia. Hadithi iliyo maktabani imehifadhiwa, lakini inayosimuliwa kitandani ndiyo inayoishi.

Hapo linaibuka swali ambalo wazazi huniuliza mara kwa mara: tusome kwa lugha gani? Wengi wanaogopa kwamba Kikamba "kitamharibia mtoto" Kiswahili na Kiingereza. Utafiti haupo upande wa hofu hiyo. Tangu 1979, Jim Cummins wa Kanada ameeleza kwamba ujuzi uliojengwa katika lugha ya kwanza huwa msingi wa lugha ya pili. Mtoto aliyejua kufuata kisa, kukisia kinachofuata na kueleza sababu kwa Kikamba hajifunzi upya mambo hayo kwa Kiswahili, anayahamisha tu. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia madarasa ya chini, na mtaala wa sasa wa umilisi unazitambua lugha za kiasili hadi Gredi ya Tatu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inaitaka serikali iziendeleze. Waama, sera si haba. Zinachokosa ni mtu wa kuzitekeleza saa mbili usiku.

Mimi mwenyewe sikuzitekeleza. Wanangu niliwalea Nairobi katika miaka ya 1990. Niliwasomea karibu kila usiku, na nilijivunia jambo hilo. Niliwasomea kwa Kiingereza. Walifaulu shuleni, sikatai. Kisha mama yangu akaja kutoka Kitui kutibiwa macho, akakaa nasi miezi miwili. Jioni moja aliwaita wajukuu wake, wakaketi mkekani. Akafungua kwa furaha, "Kwata ndai!" yaani pokeeni kitendawili. Walitakiwa wajibu, "Nakwata!" Walimtazama yeye, kisha wakanitazama mimi. Nikajibu mimi, mwanamume wa karibu miaka arobaini, profesa mtarajiwa wa lugha. Mama akakitega kitendawili, nikakitegua, naye akacheka kidogo kwa heshima. Hakutega kingine.

Alifariki mwaka wa 2006. Hakuwahi kuwasimulia wanangu ngano hata moja wakaielewa bila mimi kukaa katikati nikitafsiri. Nimeandika vitabu juu ya fasihi simulizi, lakini nyumbani kwangu nilikata uzi wake kwa mkono wangu. Siku hizi mwanangu mkubwa, ambaye sasa naye ni mzazi, huniuliza kwa simu, "Baba, ile ya fisi na sungura inasemaje kwa Kikamba?" Namsimulia. Yeye huyakosea matamshi, na binti yake humcheka. Namshukuru Mungu kwa kicheko hicho.

Mbona iwe usiku? Tulipokuwa wadogo, kusimulia mchana kulikatazwa, na kila jamii ilikuwa na tishio lake kwa anayevunja mwiko. Nadhani wazee walijua walichokifanya. Mchana mtoto hutumwa maji, huchunga mbuzi, huokota kuni. Usiku ni saa pekee ambayo hakuna anayemtuma popote. Mwili umetulia, sauti ni moja, na mtoto anajua kitakachofuata: chakula, kunawa miguu, hadithi, usingizi. Utaratibu huo wenyewe humpa utulivu. Ngano za mazimwi zinaweza kusubiri Jumamosi mapema, maana mtoto anayeota ndoto za kutisha hakushukuru. Kama mafuta ya koroboi yamekwisha au tochi ya sola haikupata jua, vitendawili havihitaji taa.

Kuhusu vitabu, najua bei zake, na najua kwamba mwaka wa ukame shilingi huenda kwa unga kwanza. Mtoto mwenye njaa hasikilizi hadithi, na hadithi si badala ya uji wala ya mwalimu. Lakini zipo njia. Mwingi kuna maktaba ya umma. Mradi wa African Storybook umeweka kwenye intaneti vitabu vya watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kikamba kikiwamo, na inaruhusiwa kuvipakua, kuvitafsiri na kuvichapisha bila malipo. Mwenye simu anaweza kumwonyesha mtoto picha zake, mradi baada ya hadithi simu izimwe, la sivyo usingizi utakuwa umefukuzwa.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya daftari. Nunua daftari moja na kalamu. Susu asimulie ngano fupi. Mjukuu mkubwa aiandike kwa Kikamba, sentensi moja au mbili kwa kila ukurasa, akiacha nafasi juu. Mdogo achore fisi wake hata kama anafanana na mbuzi. Jina la susu liandikwe kwenye jalada kama mtunzi. Kitabu hicho kitasomwa hadi kichakae. Tena kitamwonyesha yule mdogo jambo ambalo shule huchukua miaka kumfundisha: kwamba maandishi ni sauti ya mtu fulani iliyowekwa akiba, na kwamba mtu huyo anaweza kuwa wa nyumbani kwao.

Narudi kwa mama aliyeniandikia. Dada yangu, ukipata nafasi ya kwenda nyumbani, beba kitabu kimoja chenye picha na daftari moja. Mwambie mama yako usemi huu wa profesa mmoja, kwamba haendi kusoma, anakwenda kuzungumza. Mwonyeshe mara mbili. Ukirudi kazini, piga simu jioni dakika tano kabla mtoto hajalala. Usimwulize tu kama amekula na kama anatii. Mwulize, "Leo fisi alifanya nini?" Kisha unyamaze, umwache akusimulie.